Kusafisha vyombo vya shaba nyumbani bila kuviharibu

Mtu anapotaja vyombo vya shaba katika nyumba ya Lamu, Mombasa au Unguja, huenda anazungumzia metali tatu tofauti, kwa kuwa neno hilo moja hubeba zote. Ipo shaba nyekundu, ambayo ni shaba tupu. Ipo shaba ya manjano, yaani shaba iliyoyeyushwa pamoja na zinki, ambayo ndiyo iliyotengenezewa madele mengi ya kahawa, mirashi, masinia ya nakshi na njumu za milango, yaani misumari yake ya pambo. Halafu ipo bronzi, ambayo ni shaba na bati, mara nyingi kwa kadiri ya sehemu tisa kwa moja, nayo hupatikana zaidi katika kengele, sanamu, medali na baadhi ya vinu vidogo vya kutwangia iliki. Tofauti hizi zina uzito wake, kwa sababu dawa inayolipendeza sinia la manjano inaweza kuharibu kabisa sanamu ya bronzi.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kukigeuza chombo juu chini na kukitazama mahali ambapo mikono haifiki. Shaba tupu huonyesha wekundu, shaba ya manjano hukaribia rangi ya dhahabu, na bronzi huelekea kwenye kahawia. Kisha kiguse kwa sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma kilichovishwa shaba kwa juu, na ukikisugua sana utalitoa vazi hilo na kubaki na chuma cheusi. Chunguza pia kama kimepakwa vanishi, ambayo hujitambulisha kwa vipande vyembamba vinavyobanduka pembeni kama ngozi ya kitunguu, huku weusi ukiwa umejitokeza pale tu ilipobanduka. Chombo cha namna hiyo kioshwe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, basi.

Bronzi ndiyo inayohitaji subira kubwa kuliko zote, kwa maana kazi yake kubwa ni kujizuia. Ile rangi ya kahawia iliyotulia, au kijani kizito kilichoshika sawasawa, si uchafu. Ni ngozi iliyojengwa na metali yenyewe kwa miaka mingi, au iliyowekwa makusudi na fundi kwa moto na kemikali, na ndiyo inayoikinga metali iliyo chini yake. Ondoa vumbi kwa brashi laini ya rangi, pitisha kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, suuza, kausha, na usiitie ndimu wala siki. Sanamu ya bronzi iliyong'arishwa ikametameta kama bomba jipya la maji imepoteza sura yake na sehemu kubwa ya thamani yake, na hakuna fundi atakayeirudishia ngozi ya miaka sitini kwa siku moja.

Kuna kijani kingine, hata hivyo, ambacho hakifai kuachwa. Ukiona vidoa vilivyopauka, vya unga unga, ambavyo ukivipangusa leo vinarudi baada ya wiki chache na kuacha vishimo, ujue kwamba chumvi imeingia ndani ya metali. Kloridi iliyotokana na upepo wa bahari, jasho au udongo hukutana na unyevu na hewa, ikatengeneza asidi inayoila shaba, na ulaji huo huzalisha tena kile kinachouendeleza. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa wa bronzi. Nyumbani unachoweza kufanya ni kupangusa unga huo kwa brashi kavu, kukitenga chombo na vingine, na kukiweka katika kisanduku kinachofungika pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ili unyevu ushuke na ulaji upungue. Kama ni kitu cha kale, hasa sarafu au kilichotoka ardhini au baharini, usikisafishe kabisa. Kipeleke makumbusho kama kilivyo.

Sasa tuje kwenye shaba ya manjano, ambayo ndiyo inayowashughulisha watu sikukuu zinapokaribia. Mimi naupendelea ukwaju kuliko ndimu, kwa kuwa asidi yake ni ya polepole na nyuzi zake zenyewe husugua bila kukwaruza. Loweka ukwaju wa ujazo wa kiganja katika kikombe cha maji ya moto kwa muda wa dakika 20, uvuruge kwa vidole mpaka uwe uji mzito, kisha uondoe kokwe zote. Osha chombo kwanza kwa maji ya sabuni ili mafuta yatoke, la sivyo ukwaju utateleza juu yake bila kufanya kazi. Paka uji huo kwa kitambaa cha pamba, sehemu ndogo ndogo, ukizungusha mkono taratibu, na ndani ya dakika mbili au tatu utaona weusi unalainika na manjano inachungulia. Suuza mara moja. Ikiwa pana weusi uliobaki, rudia, lakini usiongeze muda. Kwenye mistari ya nakshi tumia mswaki laini wa zamani, na waya wa kusugulia sufuria usiuguse hata kidogo, kwa sababu nakshi nyingi zina kina kidogo mno na zikifutika zimefutika.

Suala la muda nimelijifunza kwa gharama. Niliwahi kuliacha sinia la nyumbani katika beseni la maji ya ndimu usiku kucha, nikidhani nitakuta dhahabu asubuhi. Nilikuta sinia lenye mabaka ya waridi. Asidi ilikuwa imeitoa zinki kwenye uso wa metali na kuiacha shaba nyekundu peke yake, na nilitumia siku tatu nikisugua ili kuifikia manjano iliyokuwa chini.

Baada ya asidi yoyote, changanya kijiko kimoja cha chai cha magadi katika lita moja ya maji, tumbukiza chombo kwa dakika moja, kisha usuuze kwa maji safi. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, kwa hiyo suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua au ya chupa. Futa papo hapo, halafu kiweke chombo juani kwa robo saa, ili maji yaliyojificha kwenye viungo na bawaba yakauke. Kikiwa bado kina joto, paka nta ya samani isiyo na rangi, nyembamba sana, na ung'arishe kwa kitambaa kikavu. Dawa za kopo zinafaa pia, lakini soma maandishi yake kwanza: baadhi zina amonia, ambayo inaweza kuipasua shaba ya manjano iliyofuliwa kwa nyundo.

Madele yana sharti lake. Ndani huwa yametiwa bati ili kahawa isikutane na shaba, na tabaka hilo ni jembamba, kwa hiyo ndani paoshwe kwa sifongo na maji ya sabuni tu. Ukiona wekundu au manjano imejitokeza ndani, dele hilo lisitiliwe kinywaji mpaka fundi alitie bati upya, maana kutu ya shaba ni sumu.

Njumu za milango nazo husafishwa zikiwa mlangoni, na kosa la kawaida ni kuuachia mti mabaka meupe ya dawa iliyokaukia kwenye nyuzi zake. Kata kipande cha kadibodi, toboa tundu linalolingana na tako la njumu, likumbatishe, na usugue ndani ya tundu hilo. Kadibodi ikilowa, badilisha. Kwa mlango mkubwa hii ni kazi ya siku nzima, na mara moja kwa mwaka inatosha.