Namna ya Kukabiliana na Koa katika Bustani ya Mboga Nyumbani

Masika yanapoanza katika nyanda zenye ubaridi kama Lushoto na Limuru, miche ya kabichi iliyokuwa mizima jioni huweza kukutwa asubuhi imebaki vikonyo. Kabla ya kuwashuku viwavi, kagua majani na udongo: ute mkavu unaong'aa ni alama ya koa, ambaye hula usiku na kushinda mchana mafichoni penye unyevu.

Kwa kuwa mwili wake usio na gamba hupoteza maji upesi, hatua yenye manufaa kuliko zote, na isiyogharimu chochote, ni kubadili saa ya kumwagilia. Mwagilia asubuhi, kwenye shina, ili uso wa udongo uwe umekauka giza linapoingia. Ondoa mawe, mbao na magugu kandokando ya tuta, na usitandaze nyasi karibu na miche hadi ipate nguvu.

Kisha watege. Jioni laza gunia lililoloweshwa kati ya mistari, ulifunue alfajiri, na koa utakaowakuta uwatumbukize katika maji ya sabuni. Kopo la bia lililofukiwa pia huwavuta, ila mdomo wake ubaki takriban sentimita 2 juu ya udongo, wasije wakazama humo mbawakawa wa ardhini ambao huwala koa. Usiku wa baada ya mvua, tochi na mkono wenye glovu hushinda mitego yote.

Majivu yanasifiwa kupita kiasi: hufaa yakiwa makavu tu, na yakizidi huharibu uwiano wa udongo. Maganda ya mayai nayo hayakuonyesha tofauti katika majaribio ya Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, yaliyotangazwa mwaka 2018. Chumvi usiitumie kabisa, kwani itaua mboga unazozilinda. Bata ni wasaidizi wazuri, mradi waingizwe baada ya miche kukomaa.

Ukilazimika kununua chambo, chagua chenye fosfeti ya chuma badala ya metaldehaidi, sumu hatari kwa mbwa ambayo Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake ya nje mwaka 2022. Kinyunyize kwa kutawanya, si kwa mafungu.

Mboga zinazoliwa mbichi zioshwe jani kwa jani katika maji yanayotiririka, kwa sababu koa huweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, inayomdhuru binadamu ubongoni.