Somo: Kufufua ngitili na kuiendesha katika miaka ya mvua zisizotabirika

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokolea, ili ndama, ng'ombe wagonjwa na wanaokamuliwa wapate nyasi wakati kwingine kumebaki vumbi. Mkoani Shinyanga utaratibu huu ulikaribia kutoweka baada ya miti kufyekwa kwa miongo mingi, kwanza ili kuangamiza mbung'o, kisha kwa ajili ya mashamba ya pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimesalia hekta mia sita hivi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikufanywa na miche ya kitalu bali na visiki na mbegu zilizokuwa tayari ardhini, jambo lisilowafurahisha sana wageni wanaopenda kupigwa picha wakipanda miti.

Hatua ya kwanza ni makubaliano. Ngitili ya ukoo huhitaji kikao cha wenye mifugo tu, lakini ya kijiji lazima ijadiliwe katika mkutano mkuu, iingizwe katika mpango wa matumizi ya ardhi, na sheria ndogo zake zipelekwe halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Dagashida, baraza la jadi, hupata utii haraka kuliko karatasi yoyote. Hata hivyo karatasi hiyo ndiyo itakayohitajika kesi ikifika mahakamani.

Hatua ya pili ni kutembea eneo lote kabla ya mvua na kutafuta visiki vilivyo hai. Kwenye kila kisiki kinachofaa, chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, ukate mengine karibu na shina kwa kisu kikali, kisha upogolee matawi ya chini ya yale uliyoyabakiza. Funga kitambaa chenye rangi kwenye kisiki ili wachungaji na wakata kuni wajue kwamba kina mwenyewe.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo imevurugwa zaidi na mabadiliko ya tabianchi, ni kufunga. Vijiji vingi vimeandika tarehe katika sheria ndogo, ilhali mvua za Novemba hadi Aprili haziifuati tarehe hiyo. Mvua ya uongo ikinyesha Oktoba, nyasi za kudumu hutumia akiba ya mizizi kuchipua. Ng'ombe wakiyala machipukizi hayo, na jua likarudi, shina hubaki bila akiba na bila majani, na likifanyiwa hivyo miaka miwili mfululizo hufa na nafasi yake huchukuliwa na nyasi za msimu zinazopeperuka Juni. Kwa hiyo andikeni dalili badala ya tarehe: ngitili hufungwa siku machipukizi mabichi yanapoonekana, na haifunguliwi tena hata mvua ikikatika.

Hatua ya nne ni kupima nyasi kabla ya kufungua. Tengeneza fremu ya vijiti yenye mita moja kila upande, itupe sehemu kumi tofauti bila kuchagua, kata nyasi zilizomo, zianike hadi zikauke kabisa, kisha uzipime kwa mizani na kutafuta wastani. Kwa mfano, wastani wa gramu 150 kwa mita ya mraba ni sawa na kilo 1,500 kwa hekta. Chukua asilimia 40 tu, yaani kilo 600, kwa kuwa zinazobaki ndizo zinazofunika udongo na kupokea mvua ijayo. Ng'ombe wa kilo 250 hula takriban kilo sita na robo za nyasi kavu kwa siku, hivyo hekta nne zitawatosha ng'ombe ishirini kwa siku 19 hivi. Hesabu hii huwakatisha tamaa wengi, lakini ni afadhali kuijua Julai, bei ya ng'ombe ikiwa bado nzuri, kuliko kuigundua Oktoba.

Hatua ya tano ni kufungua kwa vipande baada ya nyasi kudondosha mbegu, kuanzia kipande kilicho mbali na maji. Njia za kuzuia moto zifyekwe mapema, nyasi zingali na ubichi.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kishapu:* Shikamoo mwalimu. Ngitili yetu ina miaka mingi, sasa migunga imeshonana na nyasi hazioti chini yake. Tufyeke yote?

Marahaba. Msifyeke yote. Punguzeni miti midogo kwanza, mkibakiza yenye vivuli vipana na maganda yanayoliwa na mifugo, na matawi yenye miiba myalaze juu ya udongo mtupu, kwani hunasa mbegu na kuzuia ng'ombe wasikanyage. Visiki vitachipua, kwa hiyo kazi hiyo itarudiwa. Kabla ya kuuza kuni au mkaa, pateni kibali cha ofisi ya misitu ya wilaya.

*Mwanachama wa Meatu:* Ndugu mkufunzi, nina ekari tatu tu. Je, inafaa kuhangaika?

Inafaa, ila iwe ya ndama na ng'ombe wa maziwa peke yao. Ukiruhusu kundi zima, itaisha kwa siku chache.

*Mwanachama wa Maswa:* Mwaka wa ukame wageni huingiza mifugo usiku, nasi hatuwezi kupigana na watu wenye njaa. Sheria ndogo inasaidiaje?

Peke yake haisaidii. Kaeni na vijiji jirani msimu ukiwa bado mzuri, mara tu Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa mvua za msimu, mkubaliane ni kipande gani kitakachopokea wageni, kwa idadi gani ya ng'ombe na kwa malipo gani. Mgeni aliyepewa mahali huwa na sababu ya kuja mchana, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wanabaki na kazi ya kuwafuatilia wale tu waliokataa makubaliano.