Waifai ya wageni ofisini kwa ruta ya MikroTik: tenga mtandao kwanza, vocha baadaye

Kuwapa wageni jina la pili la waifai hakutengi kitu. Majina yote mawili yakiwa kwenye mtandao mmoja, simu ya mgeni inaona printa, kamera na kompyuta ya mhasibu kama kawaida. Anza na VLAN, yaani mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vilevile.

Kwenye ruta tengeneza VLAN 20 yenye anwani 192.168.20.1/24, tuseme ofisi iko 192.168.10.0/24. Kila mlango wa swichi unaokwenda kwenye akses pointi (kifaa kinachorusha waifai) upitishe VLAN 20 ikiwa "tagged", yaani pakiti zikiwa na alama ya VLAN hiyo. Wengi hukwama hapa: simu inaunganika lakini haipati IP, au laptopu inajipa anwani inayoanza na 169.254. Usihangaike na nenosiri, rudi kwenye swichi.

Kwenye fayawoli, chain ya forward (sheria za data inayopita kwenye ruta), weka sheria ya drop (zuia) kutoka 192.168.20.0/24 kwenda 192.168.10.0/24, ikae juu ya zile za accept (ruhusu). Ruta nayo ilindwe: IP > Services, kwenye Available From, ruhusu winbox, ssh na www (njia za kuingia kwenye mipangilio ya ruta) kwa mtandao wa ofisi tu.

Sasa vocha, yaani msimbo wa kuingilia anaopewa mgeni. Endesha Hotspot Setup juu ya VLAN 20, kisha kwenye User Profiles weka Shared Users 1 (kifaa kimoja kwa vocha) na Rate Limit 3M/3M (megabiti 3 kwa sekunde, kupakia na kupakua). Angalia Limit Uptime ya kila vocha: 8h huhesabu muda ambao mgeni ameingia tu, si saa za ukutani. Vocha ya leo inaweza kutumika hadi wiki ijayo, kwa hiyo za jana zifutwe kila asubuhi. Usimtambue mgeni kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa kwenye mtandao). Tangu Android 10 na iOS 14, simu hubuni anwani yake kwa kila mtandao.

Umeweka 3M, mgeni anavuta 40M? Mchawi karibu kila mara ni FastTrack, njia ya mkato ya pakiti ndani ya ruta, ambayo huwa imewashwa kwenye mipangilio ya kiwandani. Pakiti zinazopita humo haziguswi na foleni za kasi. Zima sheria hiyo, au juu yake weka accept ya established,related (miunganisho iliyokwishaanza na inayohusiana nayo) kwa VLAN 20, kwenda na kurudi.

Jaribu kwa simu: fungua IP ya printa, ikifunguka, mpangilio wa sheria umekosewa. Ukurasa wa vocha usipotokea kwenye Android, zima Private DNS (mpangilio wa kuficha maombi ya majina ya tovuti) kwenye simu hiyo, kisha fungua tovuti ya http, si https.