Namna ya kumvusha mwanafunzi kutoka mifano hadi uthibitisho

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwalimu mwenzangu wa Masasi, ambaye wanafunzi wake wa Kidato cha Pili, walipotakiwa kuthibitisha kwamba jumla ya namba witiri mbili ni shufwa, waliandika 3 + 5 = 8 na 7 + 9 = 16, kisha wakaweka kalamu chini.

Hatua ya 1. Kipe kila kikundi korosho ghafi zenye maganda. Nazipendelea kuliko kikokotoo, ambacho hutoa jibu na kuificha sababu. Zisipasuliwe, kwani mafuta ya ganda huunguza ngozi.

Hatua ya 2. Wapange namba mbalimbali jozi jozi, kisha waeleze kwa Kiswahili wanachokiona. Mtihani utakuwa wa Kiingereza, lakini hoja na ianzie katika lugha wanayobishania.

Hatua ya 3. Tikisa imani yao katika mifano. Mwaka 1772 mwanahisabati Leonhard Euler alieleza kwamba n² − n + 41 hutoa namba tasa kwa kila n kuanzia 1 hadi 40. Kwa n = 41 tunapata 1681, yaani 41 × 41, ambayo si tasa.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Rudi kwenye 7 + 9 na uulize kwa nini jumla ni shufwa. Korosho saba hufanya jozi tatu na moja hubaki. Tisa hufanya jozi nne na moja hubaki. Zile mbili zilizobaki hufanya jozi yao. Kisha uliza: ile saba yenyewe imechangia nini katika maelezo haya? Mwanafunzi anayejibu kwamba idadi ya jozi ingebadilika na maelezo yakabaki yaleyale ameshathibitisha, hata kama hajaandika herufi hata moja.

Herufi zinapoingia, wengi huandika 2n + 1 kwa namba zote mbili na kupata 4n + 2. Hitimisho ni sahihi, ndiyo maana kosa hili huwapita hata wasahihishaji, ilhali kilichothibitishwa kinahusu tu witiri inayojumlishwa na yenyewe, kama 7 + 7. Usimwambie mwanafunzi kwamba amekosea. Mwonyeshe kwamba 4n + 2 haigawanyiki kwa 4 kamwe, halafu mwombe agawanye 16 aliyoipata mwenyewe. Akishashtuka, atakubali herufi mbili: (2a + 1) + (2b + 1) = 2(a + b + 1). Mdai pia sentensi inayosema kwamba a na b ni namba kamili, kwa kuwa bila hiyo ile 2 iliyo nje ya mabano haithibitishi chochote.

Hatua ya 5. Wape jumla ya namba tatu zinazofuatana, ambayo daima hugawanyika kwa 3, kisha wajaribu namba nne kwa 4. Kwa kuwa 1 + 2 + 3 + 4 = 10, dai hilo huanguka kwa mfano mmoja tu. Waache wajaribu tano, sita na saba kabla hujawaambia lolote.