Kazi ya kuvunja na kuyeyusha betri: namna ya kuizuia risasi isikuingie mwilini

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya risasi. Anayepasua betri chakavu na kuyeyusha sahani zake, yaani mabamba ya risasi yaliyomo ndani, huogopa asidi, kwa sababu inaunguza papo hapo. Lakini vumbi la kijivu la risasi halinuki wala haliwashi, na hilo ndilo hatari kubwa zaidi.

Risasi huingia kwa pua na kwa mdomo. Chembe ndogo zikifika ndani kabisa ya mapafu, karibu zote huishia kwenye damu. Ile inayomezwa, mtu mzima aliyeshiba huchukua takriban sehemu moja kwa kumi, lakini tumbo likiwa tupu anaweza kuchukua zaidi ya nusu. Usianze zamu bila kula. Usile, usinywe wala usivute sigara ukiwa kwenye eneo la kazi, na kabla ya chakula nawa mikono na uso kwa sabuni, ukisugua kucha kwa brashi.

Sakafu isifagiliwe kavu. Ilowesheni kwanza au pigeni deki, na msipulize nguo kwa kompresa. Ila maji yana mahali pake: kitu chochote chenye unyevu kikitumbukia kwenye risasi iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke ghafla na kuirusha risasi ya moto usoni. Sahani, hata kijiko cha kuchotea, vikauke kabisa kwanza.

Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi. Ukiendelea kuchochea moto hadi kupita nyuzi 500, mvuke wake huongezeka sana, kwa hiyo usipandishe joto kuliko linavyohitajika kumimina. Chungu kiwe chini ya bomba lenye feni ya kuvuta moshi. Kufungua mlango au kukaa upande upepo unakotoka husaidia kidogo tu. Unga unaoelea juu ya chungu nao una risasi nyingi iliyooksidika: utie kwenye debe lenye mfuniko, usiumwage pembeni.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haitoshi. Tumia ya mpira yenye vichujio vya P100, au P3 kwa kiwango cha Ulaya. Ndevu huacha mwanya, kwa hiyo nyoa. Kila unapoivaa, ziba vichujio kwa viganja na uvute pumzi: barakoa ikinywea na kushika uso, imekaa sawa. Ukihisi hewa ikipenya pembeni, kaza mikanda na ujaribu tena.

Zamu ikiisha, osha gambuti, vua ovaroli huku barakoa ikiwa bado usoni, kisha ndipo uvue barakoa. Oga pamoja na kuosha nywele, vaa nguo nyingine. Ovaroli isiende nyumbani, ifuliwe kazini. Watoto hufyonza risasi nyingi kuliko watu wazima, nayo huharibu ubongo unaokua. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi ya kiwanda jirani cha kuyeyusha betri: mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Wengi hupewa maziwa wakiamini yanaondoa sumu. Hayaondoi. Kalsiamu na chuma kwenye chakula, kama dagaa na mboga za majani, hupunguza kiasi kinachofyonzwa tumboni, lakini kilichoingia mapafuni hakiguswi. Maziwa yasichukue nafasi ya barakoa.

Dalili hudanganya: tumbo kusokota, choo kufunga, uchovu, kichwa kuuma, usingizi kupotea, viungo kuuma. Mtu hutibiwa malaria au vidonda vya tumbo miezi kadhaa. Baadaye huja upungufu wa damu, shinikizo la damu, figo kudhoofika, na kwa wanawake mimba kuharibika. Mwambie daktari waziwazi: "Nafanya kazi ya risasi, naomba kipimo cha risasi kwenye damu." Damu itolewe kwenye mshipa baada ya mkono kuoshwa vizuri, maana vumbi la ngozini huharibu jibu. Pima kabla ya kuanza kazi, kila mwezi kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha angalau kila miezi sita. Tunza majibu yote.

Kuanzia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kanuni za serikali kuu ya Marekani kwa viwanda humtoa mfanyakazi kwenye risasi akifika 60, na hazimrudishi mpaka ashuke chini ya 40. Tunaona hapo ni kuchelewa mno. Madaktari wengi wa afya kazini humtoa akifika 30, na mjamzito hapaswi kuwa kwenye kazi hii kabisa. Ukiondolewa, damu hupunguza risasi kwa nusu katika mwezi mmoja hivi, lakini iliyokwisha kuingia mifupani hukaa miongo. Dawa za kuitoa zipo, na ni za daktari kuamua. Mwajiri asikupe ili uendelee kubaki kwenye vumbi: hiyo ni hatari juu ya hatari.