SOMO: Kutembea mbali ukiwa na ugonjwa wa sukari (soma yote mbele ya kuuliza)

Ndugu zangu jambo. Kila tukipanga kwenda Lac Vert, lile ziwa dogo karibu na Goma, munaniuliza kintu kilekile, mwenye sukari ajichunge namna gani njiani, nimechoka kujibu mumoja mumoja. Niko na sukari ya sindano ya insulini, miaka 11 sasa.

1. Dozi, ongea na daktari wako. Usipunguze juu mimi nimesema.

2. Pima mbele ya kutoka. Chini ya 90 (mg/dL), kula ndizi ao mukate, ngoja, pima tena. Imepita 250 na unatapika, usitoke, tafuta muganga.

3. Maji, mukate, karanga.

4. Sukari ya haraka ikae mufukoni, si ndani ya begi ya rafiki aliyebaki nyuma. Ukitetemeka na jasho baridi, kaa chini, kunywa nusu chupa ya Fanta, ngoja dakika 15, pima. Bado chini ya 70, rudia. Mutu amezimia, usimumiminie kitu mudomoni, mulalishe ubavu, mupeleke hospitali.

5. MIGUU. Hapa njo nilikosea. Mawe ya volkano yetu Nyiragongo, ya 2002 na ya 2021, yanakata kama chupa. Nilivaa viatu vipya, kajiwe kakaingia karibu na Mugunga na sikukasikia, juu sukari ya miaka mingi inaua fahamu ya nyayo, nikatembea nako masaa manne, kuvua nyumbani soksi imelowa damu. Nikaona ni kitu kidogo, nikatia muguu ndani ya maji ya moto, nikajiunguza tena bila kusikia. Kile kidonda kilikaa miezi mitatu, nililia sana. Kwa hiyo: viatu vipya HAPANA. Mbele ya kuvaa ingiza mukono ndani, vidole vya mukono ndivyo vinasikia. Kila mukipumzika vua, angalia mpaka katikati ya vidole. Peku hapana, hata pembeni ya ziwa. Lengelenge usipasue. Jeraha lolote, kwa muganga siku hiyohiyo.

6. Mbele ya kulala pima tena, sukari inaweza kushuka hata kesho yake. Pombe uache.

Kijana wa Birere: Yaya, nibebe nini?
— Namba 3 na 4.
Kijana wa Birere: Kwa kifupi basi
— Kifupi ni pale pale. Soma.

Mama wa Himbi: Sina frigo, insulini naichungaka namna gani?
— Asante mama kwa kuuliza. Ile umeshafungua inakaa karibu wiki 4 bila frigo kama joto halipite 30, soma karatasi yake. Adui ni jua na gari iliyofungwa. Tia ndani ya sashee kavu, kisha ndani ya mutungi wa udongo uliozungushiwa kitambaa chenye maji. Mulimani ni kinyume: Nyiragongo ni mita 3.470, usiku baridi kali, ulale nayo karibu na mwili. Ikiganda mara moja tu, tupa. Na siku ya kutembea choma tumboni, si pajani, paja likifanya kazi insulini inaingia damuni mbio.

Mutu wa Katindo: Mimi ni vidonge tu, hainihusu.
— Vidonge gani? Glibenklamidi nayo inaweza kushusha sukari chini sana. Na miguu yako je, umeiangalia leo?

Dada wa Ndosho: Mimi navalaka soksi nyeupe, damu inaonekana mara moja.
— Dada, hiyo sikuifikiria. Naiongeza kwa namba 5.