SOMO: Kukadiria idadi ya watu kwa e^(rt), kwa sensa za Tabora na Kigoma

Wakuu, naliandika hili mara moja ili likae mahali pamoja. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mwalimu, nina sensa mbili, nifanyeje?" Fanya hivi.

Kanuni ni P = P₀e^(rt). P ni watu unaowatafuta, P₀ ni watu wa mwanzo, t ni miaka iliyopita kati yao, r ni kasi ya ukuaji, e ni 2.71828. Tunatumia e kwa sababu watu hawasubiri Desemba 31 wazaliwe wote kwa mpigo. Wanaongezeka kila saa, na walioongezeka nao wanaongeza wengine.

Hatua ya 1. Chukua takwimu. Mkoa wa Tabora: 2,291,623 mwaka 2012, na 3,391,679 mwaka 2022.

Hatua ya 2. Hesabu miaka. Agosti 26, 2012 hadi Agosti 23, 2022: t = 10.

Hatua ya 3. Gawanya ya mwisho kwa ya mwanzo: 1.48003.

Hatua ya 4. Tafuta r. Hapa tulia kabisa, maana hapa ndipo nilipoharibu. Kamati ya maji ya mtaani kwetu iliniomba makadirio ya watu kwa miaka kumi ijayo. Nikaona ongezeko la mkoa ni 48%, nikaligawa kwa 10, nikapata 4.8%, nikaitia kwenye e^(rt) na kuandika majibu kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila. Mzee mmoja wa kamati akaniuliza: "Ukianza na watu wa 2012 kwa kasi yako hiyo, unawapata wa 2022?" Nilikuwa sijajaribu. Nikajaribu palepale mbele yao, ikaja 3,703,000 na ushee. Watu zaidi ya 311,000 ambao sensa haikuwaona. Ile manila niliikunja, nikaomba wiki moja.

Kosa ni hili: ndani ya 48% tayari mna ongezeko juu ya ongezeko la miaka hiyo kumi. Ukiigawa kwa 10 halafu ukaitia kwenye e, unalimbikiza kilichokwisha kulimbikizwa. Njia sahihi ni logi asilia, kitufe cha ln kwenye kalkuleta: r = ln(1.48003) ÷ 10 = 0.39206 ÷ 10 = 0.0392, yaani 3.9% kwa mwaka.

Onyo la kwanza: usikimbilie kuifanya 0.04. Huko kukadiria tu kunakuongezea watu 27,000 katika miaka kumi. Onyo la pili: kwenye kanuni inaingia 0.0392, si 3.92.

Hatua ya 5. Hakiki kama yule mzee: 2,291,623 × e^(0.392) inaleta kama 3,391,460. Watu 220 waliopungua ni desimali tulizokata.

Hatua ya 6. Tabiri. Mwaka 2030, t = 8 kuanzia 2022: 3,391,679 × e^(0.3136), kama 4,641,000.

MASWALI

Mdau wa Nzega: Mbona mimi napata r = 0.017?

Umebonyeza log. Nimeandika ln.

Mdau wa Nzega: Kwani si kitu kimoja?

Hapana. log ina kizio cha 10, ln ina kizio cha e. Rudia hatua ya 4.

Mdau wa Sikonge: Mwalimu nipe tu jibu la wilaya yetu 2035, kazi inakusanywa kesho.

Sikupi. Takwimu za wilaya zimo kwenye ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Fanya, ukikwama leta ulipofikia.

Mdau wa Kasulu: Shikamoo mwalimu. Nimefanya Kigoma, 2,127,930 hadi 2,470,967, nimepata 0.0149. Ila nikitumia sensa ya 2002 na ya 2012 napata 0.024. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea popote, na umegusa udhaifu mkubwa wa kanuni yenyewe. Inadhani r haibadiliki. Aliyesimama mwaka 2012 na 2.4% yake mkononi angetabiri kama 2,705,000 kwa mwaka 2022, kumbe sensa ikaleta 2,470,967, pungufu ya watu 234,000 hivi. Kanuni haijui nani kahama na nani kahamia, na mkoa wa mpakani wenye kambi ya wakimbizi kama Nyarugusu huwezi kuuhesabu kana kwamba watu huongezeka kwa kuzaliwa tu. Mimi siku hizi natoa makadirio mawili, la kasi ya juu na la kasi ya chini, na sivuki miaka kumi. Fanya hivyo kwa Kigoma ya 2030 utuwekee hapa.

Mdau wa Urambo: Mke wangu kazoea hesabu za kikoba, anazidisha mwaka kwa mwaka. Tabora kapata 4.0%, si 3.92%. Nani yuko sahihi?

Wote wawili. Kipeuo cha kumi cha 1.48003 ni 1.03998, na e^(0.0392) nayo ni 1.03998. Ile 3.92% inayolimbikizwa kila dakika, mwaka ukiisha imezaa 4.0%. Kosa ni kuchukua 4.0% yake ukaitia kwenye kanuni yangu. Msalimie, hesabu yake ni safi.

Mdau wa Kasulu: Na miaka ya kuongezeka mara mbili?

0.693 ÷ r. Tabora 17.7, Kigoma zaidi ya 46. Kwa kichwa, gawa 70 kwa asilimia.

Mdau wa Ujiji: Asiye na kalkuleta afungue ile ya simu kisha ailaze simu kiubavu, simu nyingine huonyesha vitufe vya ln.

Asante mkuu. Na kabla ya kukiamini kitufe, kipe 2.71828. Kikileta 1, ndicho.

Mdau wa Nzega: Changu kimeleta 0.434.

Hicho ni log. Bonyeza cha pembeni yake.